Kitufe Chekundu cha Jikoni

Kidole cha mzee Kombe kilikatwa na mashine iliyozimika. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na si uongo. Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino, stima ya Mji wa Kale inatoka na kurudi inavyotaka. Mzee alikuwa anapasua mbao za mbambakofi kwa msumeno wake wa meza, stima ikapotea, msumeno ukasimama. Akainama kufuta unga wa mbao chini ya meno. Swichi yake ilikuwa ile ya zamani ya mkono, unaivuta inawaka, unaisukuma inazima, na yeye hakuisukuma. Nani anakumbuka kuzima kitu kilichozima chenyewe? Stima ikarudi, na msumeno ukarudi nayo.

Aliyekiokota kile kidole ni mkewe, bi Mejumaa. Alikifunga kwenye leso akakimbia nacho hospitali, akidhani kitashonwa. Hakikushonwa.

Hapo ndipo nilipoitwa mimi, Kahindi, fundi wa stima. Shule niliacha darasa la sita. Kazi ya magodauni Shimanzi niliiacha pia, baada ya kumwambia msimamizi kwamba waya zake zinafaa kuanikia nguo. Fundi aliyenifunza alikuwa akisema nina makalio ya mgema, hayajui kiti. Ni kweli. Kazi nikiimaliza naondoka, sina habari na nyumba ya mtu. Kwa mzee Kombe ndiko nilikoshindwa kuondoka.

Nyumba yao iko kwenye uchochoro nyuma ya Ndia Kuu. Chini ni karakana, juu ndiko wanakolala na kupika. Wako wawili tu, mtoto Mungu hakuwapa. Chini ya ngazi, nyuma ya kimlango, kuna sanduku la stima ya mashine: swichi kubwa na fyuzi tatu nyeupe za kauri, kila moja na njia yake, nyekundu, manjano, buluu. Mota ya ule msumeno inakula njia zote tatu kwa pamoja. Taa ya nyumbani inakula moja tu. Shika hilo, maana ndilo lililotutoa jasho.

Siku ya kwanza nilizima swichi kubwa, nikachomoa fyuzi zote tatu, nikazitia mfuko wa shati. Ndiyo desturi yetu. Anayeshika waya ndiye anayekaa na fyuzi. Huziachi mezani, humwachii mtu, awe nani. Halafu unapima kwa testa, na kabla ya kupima unaijaribu hiyo testa yenyewe mahali penye stima, usije ukaamini testa iliyokufa.

Bi Mejumaa alikuwa ameshuka na chai, amesimama kwenye ngazi ananitazama. Mwanamke mfupi, asmini kwenye nywele tangu asubuhi, sauti yake ndogo.

"Hivyo vidude wavitia mfukoni, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Sasa hata shetani akitaka kuiwasha hii mashine, itabidi aje aniombe mimi."

"Na ukisahau ukenda navyo kwenu?"

"Mzee atapumzika."

Akacheka. Mzee Kombe naye akacheka, mkono umefungwa bandeji mpaka umekuwa kama dafu. "Mwanipangia njaa nyinyi wawili," akasema.

Nikaing'oa ile swichi ya mkono, nikafunga stata. Stata ni sanduku dogo lenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Ukibonyeza kijani, ndani kuna kitu kama mkono wa sumaku, unashika. Stima ikipotea, mkono unaachia. Stima ikirudi, haushiki tena mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Na chini yake kuna kidude cha kuilinda mota. Mota ikivuta stima kupita kiasi chake, kile kidude kinaruka, kinaufanya mkono uachie.

"Washa, mzee."

Akabonyeza kijani. Msumeno ukaimba. Nikaenda chini ya ngazi nikazima swichi kubwa, ukafa. Nikaiwasha tena. Kimya. Mzee alikuwa amesimama mbali na meza, mkono mgonjwa ameuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Akangoja. Kimya vilevile.

"Imelala," akasema.

"Imelala mpaka uiamshe wewe."

Akasogea, akaipapasa meza ya msumeno kwa ule mkono mzima, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyempiga teke na bado anampenda. Nikageuka kumtazama bi Mejumaa, nikidhani nitamwona amefurahi. Hakuwepo. Kikombe cha chai kilikuwa kwenye ngazi peke yake.

Wiki haikuisha nikaitwa.

"Mashine yaguruma tu," mzee akaniambia. "Nabonyeza kijani, yasema mmmm, haizunguki, halafu yazima. Nabonyeza tena, mmmm."

Nilifika alasiri. Nikabonyeza mimi, ikazunguka safi. Nikafungua stata, nikakaza kila skrubu, nikapima njia zote tatu. Zote zina stima. Nikarudi zangu. Siku chache mbele nikaitwa tena kwa hadithi ile ile, nikafika alasiri, mashine nzima haina hata mafua. Bi Mejumaa yuko juu anakaanga samaki, ananiita nile. Asubuhi zile alikuwa akienda Makupa kwa dada yake aliyevunjika nyonga, kumwogesha na kumfulia. Akirudi ni adhuhuri imepita.

"Labda yakuogopa," mzee akasema. "Kama watoto wa chuoni wakimwona mwalimu."

"Mashine haimwogopi mtu, mzee. Kuna kitu unakifanya."

"Mimi nafanya kazi ya mbao tangu hujazaliwa."

"Na kidole kiko wapi?"

Mdomo wangu ndio huo. Mzee akautazama mkono wake, akanitazama mimi. "Huko kilikokwenda chakuombea dua upate adabu," akasema. Tukacheka, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza ile mmmm.

Safari ya tatu nilikutana na harufu kabla sijafika mlangoni. Mota ikiungua hunuka kama samaki aliyepakwa rangi ya mlango, ukishainusa mara moja huisahau. Mzee alikuwa ameketi juu ya gogo, karakana imejaa moshi.

Nikafungua stata. Ndani, kwenye ule mkono wa sumaku, kulikuwa na kabari ya mvule. Kabari nzuri. Imepigwa randa, imechongwa ncha, imekaa kama iliyozaliwa pale. Seremala hata akifanya ujinga anaufanya kwa vipimo.

"Ule mkono ulikuwa waachia achia," mzee akasema. "Nikausaidia kushika. Na mota ikawa yasinzia, nikausukuma mkanda wa mota kwa kijiti. Ikaanza. Ikapasua ubao mzima, mwanangu, mpaka mwisho."

"Mzee, ukiuzuia mkono kwa kabari, stima ikipotea na kurudi msumeno unarudi nayo, kama siku ile. Na kile kidude cha kuilinda mota kinalia hakuna anayekisikia. Unataka kutoa kidole gani sasa?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nataka kufanya kazi," akasema. "Basi. Nikipelekwa barazani kucheza bao na wale wenzangu, Ramadhani hainikuti hai."

Ile kabari nikaitia mfukoni, asije akairudisha.

"Ipeleke isukwe upya hiyo mota," akasema tena. "Lakini ikikataa mara nyingine, namwita Gunga wa Shimanzi aje auchukue msumeno. Amenitumia watu mara mbili. Siwezi kupigana na kitu nisichokiona."

Gunga ni mtu wa kununua mashine kuukuu. Akichukua kitu hakirudi.

Nikaipakia mota kwenye mkokoteni mpaka Makupa kwa Levi. Levi ni mtu wa bara, alikuja na kazi ya reli, reli ikamwacha, akabaki kusuka upya waya za mota zilizoungua. Akaifungua, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Pole kwa mota."

"Levi, usinianze."

"Sijakuanza. Njoo hapa uone." Akanionyesha waya za ndani kwa bisibisi. "Mafungu matatu. Hili jeusi. Hili jeusi. Hili je?"

La tatu lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani.

"Ilitembea kwa njia mbili," Levi akasema. "Ya tatu haikuwa na stima. Mota ikisimama hivyo haiwezi kuanza, inaguruma tu. Ukiisukuma inaanza, lakini inajiua. Kuna mahali njia moja inakufa."

"Nimepima. Zote ziko."

"Umepima saa ngapi?"

"Alasiri."

"Na inakataa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Wewe ni daktari wa namna gani," Levi akasema, "unakwenda kumpima mgonjwa akishapona?"

Mota ilipokuwa tayari niliirudisha, nikaifunga, nikamwambia mzee kesho asiguse kitu mpaka nije. Kesho yake nilifika mapema, nikaingilia mlango wa karakana, nikakaa nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Bi Mejumaa hakujua niko. Tulimsikia akishuka ngazi. Akasimama chini pale kidogo.

"Mzee, mimi nenda zangu Makupa," akasema.

"Haya. Msalimie."

Mlango wa uchochoroni ukafungwa. Mzee akabonyeza kijani. Mmmm. Nikaruka nikabonyeza chekundu kabla kile kidude hakijaruka. Nikaijaribu testa yangu, nikapima kwenye stata. Nyekundu ipo. Manjano ipo. Buluu imekufa.

Nikaenda chini ya ngazi na tochi, nikafungua kimlango. Fyuzi mbili nyeupe, na mahali pa ya tatu pengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee Kombe alikuwa amekuja nyuma yangu. Alilitazama lile pengo. Halafu akainama, akaokota kitu sakafuni, akakileta karibu na pua. Ua la asmini, bado bichi. Akalitia mfuko wa kanzu.

"Panya," akasema.

"Panya wa siku hizi wanabeba fyuzi?"

"Wa nyumba hii wabeba."

"Mzee, nina fyuzi nyingine kwenye begi. Naitia sasa hivi, unafanya kazi."

"Wacha." Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Alikaa kwa kujishusha, mkono ukutani. "Mpelekee salamu Gunga aje Ijumaa baada ya swala."

"Mashine haina kosa. Ni fyuzi tu."

"Najua ni fyuzi. Mimi nilidhani aliyekatwa ni mimi peke yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Na usimwambie kitu, Kahindi. Sitaki aone haya ndani ya nyumba yake."

Nikasema sawa. Halafu nikatoka nikaenda moja kwa moja Makupa kumwambia.

Nilimkuta uani kwa dada yake, anafua mashuka, mikono imejaa povu.

"Sabalkheri, mama. Nipe fyuzi yangu."

Hakubisha. Alijifuta mikono, akafungua pindo la leso, fundo gumu limefungwa mara mbili. Ndani mlikuwa na ufunguo wa nyumba, maua mawili ya asmini, na fyuzi. Akanipa. Ilikuwa na joto la mwili wake.

"Nilikuona wewe ukifanya," akasema. "Ulisema hata shetani hawezi."

"Mimi nilizitoa zote tatu. Na kabla ya kuzitoa nilizima swichi kubwa. Wewe ulizima?"

"Hino swichi kubwa ni ipi? Mimi nimeizungusha leso mkononi nikavuta."

Nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Niliona ile mikono yenye maji, na lile sanduku.

"Mama," nikasema, "ungekufa pale chini ya ngazi. Mzee angekukuta akipanda kula."

"Sikujua."

"Na kwa nini moja?"

"Moja nilidhani yatosha. Taa ya nyumbani ukitoa moja yazima. Nikasema itazima tu, ingoje nirudi niitie tena."

Nikamweleza kama nilivyoweza. Mahamali watatu wamebeba kabati. Mmoja akiondoka, wale wawili hawaliweki chini. Wanang'ang'ana, wanaguna, mpaka mgongo ukatike. Ndiyo ile mmmm aliyokuwa akiisikia mzee.

Alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Basi ile mota iliyoungua."

"Ndiyo, mama. Ni wewe."

Ningeweza kusema vingine. Sikujua vingine. Akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika bila sauti, kwa sababu dada yake alikuwa amelala ndani. Mimi sijui kubembeleza mtu. Nikaenda kwenye beseni, nikalikamua lile shuka, nikalianika. Nikakamua la pili. Nilipofika la tatu akaanza kusema.

"Wewe hukukibeba kile kidole, Kahindi. Kilikuwa na joto bado. Nilikuwa nakishika hivi, kwa nguvu, kisipoe. Njia nzima." Akanyoosha mkono akaufumba. "Nikiwa nyumbani msumeno ukilia nausikia kwa masikio, nauvumilia. Nikiwa huku nausikia kwa tumbo. Namwogesha dada yangu naye aniambia, Mejumaa, mbona watetemeka."

"Mzee anajua."

Akaitoa leso usoni. "Ajua nini?"

"Ameliona pengo. Ameokota ua lako. Anasema ni panya. Ameniambia nisikwambie, na nimwite Gunga auchukue msumeno Ijumaa."

Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. "Panya," akasema. "Panya. Mzee yule." Halafu akatulia. "Akiuza atakaa barazani."

"Amesema Ramadhani haitamkuta."

"Haimkuti kweli, namjua." Akachukua shuka mkononi mwangu, akalikunjua upya, nilikuwa nimelianika vibaya. "Sitaki auze. Na sitaki akatwe. Nifanyie nini, wewe fundi? Mimi nataka kuwa na mkono pale. Mkono wangu, pale kwenye ile mashine."

Nikamtazama. Nikasema, "Hiyo inawezekana."

Alhamisi nilifunga. Mzee alikuwa amekwenda kukaa nje kwa muuza kahawa, kama mtu aliyekwishafiwa, hakuniuliza kitu zaidi ya kusema kazi gani tena. Nikamwambia namaliza mambo yangu. Nikazima swichi kubwa, nikachomoa fyuzi zote tatu, nikazitia mfukoni, nikapima. Nikapitisha waya ndani ya bomba kutoka kwenye stata mpaka juu jikoni, nikautokeza ukutani karibu na rafu ya masufuria, juu ya mbuzi ya nazi.

Pale nikafunga kitufe chekundu, kikubwa, kina kichwa kama uyoga. Ukikipiga kinaingia na kubaki ndani. Hakitoki bila ufunguo wake. Nimekifunga mstari mmoja na kile chekundu cha chini: stima inayoushikisha ule mkono wa sumaku lazima ipite hapa kwanza, kisha pale. Popote ikikatwa, mkono unaachia, msumeno unasimama. Cha kijani sikukiongeza. Cha kuwashia ni kimoja, chini, mbele ya msumeno, kwa mtu anayeyaona meno yake kwa macho. Hilo hata mwenyewe bi Mejumaa angeniomba nisingemkubalia.

"Ukienda Makupa, piga, chukua ufunguo," nikamwambia. "Ufunge kwenye pindo ukitaka. Lile sanduku la chini ya ngazi usiliguse tena maisha yako."

"Siligusi." Akakigusa kile kitufe kwa ncha ya kidole, bila kukibonyeza. "Na mzee akikasirika?"

"Mimi nitakuwa nishaondoka."

"Hutaondoka," akasema. "Ijumaa napika wali wa nazi na samaki wa kupaka."

Ijumaa Gunga alikuja na mkokoteni na mahamali wawili, kanzu imepigwa pasi, anukia udi mpaka uchochoro mzima unajua.

"Kombe," akasema, "kile kidole chako kisiwe kimebaki humu ndani. Nisije nikauza mashine na nyama ya mtu."

"Kikiwemo nakupa," mzee akasema. "Mimi kimeshanizoea vya kutosha."

Alisema kwa mzaha lakini uso haukuwa wa mzaha. Akabonyeza kijani. Msumeno ukaimba vizuri, mota aliyoisuka Levi, huwezi kusikia hata mkwaruzo. Gunga akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawaashiria wale mahamali wasogee. Msumeno ukafa.

Mzee akabonyeza kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Hata ile mmmm haikuwepo.

Gunga akanigeukia. "Wewe fundi. Stima imekwenda?"

"Stima iko. Feni ile inazunguka."

"Basi mbona haiwaki?"

"Ina mwenyewe," nikasema.

Mzee Kombe alikuwa ametega sikio. Kwanza aliitazama stata, kisha lile bomba jipya lililopanda ukutani. Macho yakalifuata bomba, taratibu, mpaka darini, na huko yakabaki.

Sauti ndogo ikashuka kwenye ngazi. "Mzee. Ndoo juu ule, chakula chapoa."

Gunga alipiga meza ya msumeno kofi moja, kama anayemfukuza punda. "Kombe, mimi mashine ya kufa ghafla siitaki. Nikimuuzia mtu atanirudishia kichwani." Akawaita watu wake, wakaondoka na mkokoteni mtupu. Udi ukabaki.

Mzee alipanda ngazi. Mimi nikamfuata kwa sababu ya samaki.

Bi Mejumaa alikuwa amesimama kando ya kile kitufe, ufunguo mkononi, kidevu juu, kama mtoto anayengoja kuchapwa na ameshaamua halii. Mzee akakiangalia kitufe. Akaangalia kilivyokaa ukutani, akapitisha kidole pembeni kuona kama kimekaa sawa. Useremala haumtoki. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa lile ua la asmini, limenyauka limekuwa jekundu-jekundu, akaliweka kwenye rafu mbele ya mkewe.

"Panya ameangusha hiki," akasema.

Bi Mejumaa akaangalia chini. "Panya aomba radhi."

"Panya angekufa na stima. Kahindi ameniambia asubuhi. Mwenye mdomo kama huyu hapewi siri. Bora ningekatwa vyote vitano."

"Usiseme hivyo."

"Nishasema."

Mimi nikakaa mezani, maana hapakuwa na mahali pa kujificha. Meza ilikuwa inacheza, mguu mmoja mfupi. Nikatoa ile kabari ya mvule mfukoni, nikaisukuma chini ya mguu. Ikatulia.

"Nikitoka nitauchukua ufunguo," bi Mejumaa akasema huku anapakua.

"Uchukue. Asubuhi nitapiga randa ya mkono, nitachonga. Kazi haikosi."

"Na nikiwa hapa nikisikia sauti nisiyoipenda, nazima."

"Zima."

"Hata ubao uko katikati."

"Hata ubao uko katikati. Ubao wangoja. Wewe unikatie tu jikoni kwako, usinikatie chini ya ngazi."

Tukala. Mzee alimtolea mkewe mwiba kwenye kipande cha samaki kwa mkono ule wenye vidole vinne, bado haujazoea, mwiba ukamponyoka mara mbili. Bi Mejumaa alingoja. Hakumsaidia.

Baada ya kahawa mzee akashuka. Nilitaka kushuka naye niende zangu, nina kazi nyingine Makupa, nikajikuta bado nimekaa. Tukamsikia chini akipanga ubao, akipiga chafya ya unga wa mbao. Halafu kimya. Halafu sauti yake kwenye ngazi.

"Mejumaa. Nikate?"

Bi Mejumaa akanitazama. Akatia ufunguo, akauzungusha, kile kichwa chekundu kikatoka. Akatega sikio, mkono kifuani. Chini kimya. Msumeno haukuruka wenyewe. Ulikuwa umelala, unamngoja mtu.

"Kata," akasema.

Chini kijani kikabonyezwa, msumeno ukaimba. Bi Mejumaa alisimama pale ukutani, kiganja karibu na kile kitufe bila kukigusa, mpaka ubao ukaisha. Nami nikakaa mpaka ubao ukaisha.